Shanta la Chakula: Tusinunue Tusichokipima

Si jambo la siri kwamba katika visiwa vyetu mtu anayefanya kazi ngumu kuliko wote mara nyingi ndiye anayekula chakula kibaya kuliko wote. Karani hula mezani pake, na chakula chake kimetoka jikoni muda si mrefu. Lakini mvuvi, mchuma karafuu, mwanafunzi anayetembea kwa miguu kutoka kijiji cha mbali, na hasa mama anayelima mwani ufukweni, hao huondoka na chakula chao alfajiri na kukifungua jua likiwa utosini. Kinachotokea baina ya nyakati hizo mbili ndicho tunachotaka kukizungumza leo, pamoja na kifaa kimoja kidogo ambacho wengi wamekiona hakistahili kujadiliwa katika ukurasa huu: shanta la kubebea mgongoni lenye chumba cha kuhifadhia chakula.

Mwaka jana tulikuwa katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja siku ya bamvua. Kila anayeujua mwambao ule anafahamu kwamba kilimo cha mwani hakifuati saa ya ofisini, kinafuata maji. Tangu kilimo hicho kilipoanza kwa biashara mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, wakulima wake wengi wamekuwa wanawake, na siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, wao huteremka mapema na kukaa huko mpaka maji yarudi. Bibi mmoja tuliyekuwa naye alikuwa amepika wali wa nazi na dagaa tangu saa 11 za alfajiri, akautia katika bakuli la plastiki, akalifunga kwa kanga na kulitundika juu ya mti. Ilipofika saa 6 za mchana alilifungua, akanusa, akalifunga tena. Kisha akaenda pembeni, akaumwaga wali wote mchangani, na kunguru wakashuka.

Tukamuuliza, "Kulikoni, mama?" Akajibu bila ya hasira, "Leo ujira wameupata kunguru, wanangu." Akanywa maji, akarudi kwenye kamba zake za mwani, na hakutia kitu tumboni mpaka baada ya alasiri.

Wenzake wawili walikula vyao, kwa kuwa havikunuka. Mmoja alikesha na tumbo usiku huo. Hatudai kwamba tulipima chakula kile, wala hatukuwa na daktari pamoja nasi. Lakini yaliyotukuta siku ile yalitufanya tutazame upya jambo ambalo nasi tulikuwa tumeshiriki kuliharibu, kama tutakavyoeleza.

ADUI NI MUDA

Yafaa kwanza ieleweke kwamba chakula kilichopikwa hakiharibiki kwa sababu ya uzembe wa mpishi peke yake. Shirika la Afya Duniani limefundisha kwa miaka mingi kanuni iliyo rahisi kuikariri: chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Kikitakiwa kukaa zaidi, ama kiwekwe cha moto, juu ya digrii 60 za Sentigredi, ama kiwekwe cha baridi, chini ya digrii 5. Katikati ya namba hizo mbili ndimo vijidudu vinamozaliana. Na hewa ya visiwa vyetu, yenye digrii 30 hivi mchana, imo katikati kabisa.

Wali una hatari yake mahsusi. Kuna kijidudu ambacho wataalamu wanakiita Bacillus cereus, na mbegu zake huweza kuvumilia moto wa kupikia. Wali ukiachwa vuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu yenye kutapisha. Jambo la kutisha ni kuwa sumu hiyo haiondoki kwa kupasha chakula moto upya. Kwa hiyo anayesema, "Nitaupasha tu, utakuwa salama," anajidanganya, na anawadanganya wanawe.

Samaki nao wana yao. Jodari na vibua wakiachwa katika joto kabla ya kupikwa, nyama yao hujenga kitu kinachomfanya mlaji awashwe, uso umwive, kichwa kimgonge na moyo umwende mbio. Kitu hicho pia hakiondoki kwa kupikwa. Wavuvi wazee waliosisitiza samaki afikishwe nyumbani upesi hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na haki.

Basi tatizo la bibi yetu halikuwa bakuli, wala dagaa, wala nazi. Tatizo lilikuwa saa 7 tangu alipoteremsha chungu mpaka alipolifungua bakuli. Anayetaka kumsaidia hana budi kuushinda muda huo, ama kwa joto ama kwa baridi.

MASHANTA YALIYOKUJA KWA SHEREHE

Sasa tuseme ukweli wetu. Kabla ya ziara ile, kulikuwa na mpango wa kugawa mashanta ya chakula kwa baadhi ya vikundi na kwa wanafunzi. Hatutaitaja ofisi iliyohusika wala aliyeyauza, kwa kuwa lengo letu si kumwaibisha mtu. Itoshe kusema kwamba yaliletwa kutoka ng'ambo, yalikuwa ya rangi za kupendeza, yalikuwa na mfuko wa vitabu juu na chumba cha chakula chini, na ndani ya chumba hicho kulikuwa na karatasi inayong'aa kama fedha. Yalipokelewa kwa hotuba na makofi. Nasi tulikuwamo katika kamati ya kuyapokea, na saini yetu imo katika hati. Hakuna hata mmoja wetu aliyetia bakuli la chakula ndani ya shanta moja na kungoja saa 4 aone litatoka vipi.

Miezi miwili haikutimia, zipu zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari. Tulichukua moja lililotupwa, tukalipasua kwa kisu juu ya meza. Baina ya kitambaa cha nje na ile karatasi ya kung'aa mlikuwa na sponji nyembamba kama chapati. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yote. Na karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa moja kwa moja juu ya sponji, na kila siku bakuli liliegemea juu yake.

Hapa inatubidi tuingie darasani kidogo. Joto husafiri kwa njia tatu: kwa kugusana, kama kijiko kinavyochoma mkono kikiachwa chunguni; kwa mwendo wa hewa au maji, kama mvuke unavyopanda; na kwa mnururisho, kama jua linavyotufikia. Karatasi ya kung'aa huzuia njia ya tatu peke yake, na huizuia pale tu mbele yake panapokuwa na nafasi ya hewa. Bakuli likiigusa, karatasi hiyo ni pambo. Kinachozuia joto lisipite kwa kugusana ni hewa iliyotulia, iliyofungiwa katika vijumba vidogo vidogo isiweze kuzunguka. Sponji, pamba, manyoya, sufi na yale maboksi meupe ya plastiki yanayochukulia samaki yote hufanya kazi kwa siri hiyo moja. Maji, kinyume chake, hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana kinga ikiloa, kazi yake imekwisha.

Ustadi wa juu kabisa ni kuondoa hata hiyo hewa. Mwaka 1892 mwanasayansi James Dewar, akiwa London, alitengeneza chupa ya kuta mbili na kuifyonza hewa iliyokuwa katikati. Yeye aliitaka kwa majaribio ya maabara. Ni Mjerumani Reinhold Burger na wenzake walioigeuza bidhaa ya nyumbani, na mwaka 1904 ikapewa jina la Thermos. Hiyo ndiyo chupa ya chai iliyomo katika kila nyumba yetu. Wauguzi wetu nao wana chao: lile boksi la kubebea chanjo lenye kuta nene na vipande vya barafu, linalovuka kwa mashua kwenda Tumbatu, Kojani au Kisiwa Panza hali chanjo zimo baina ya digrii 2 na 8. Watu waliowahi kuliona boksi lile wanajua kwamba kuta zake si nyembamba kama chapati. Tumelipa boksi la chanjo unene linalostahili kwa sababu mtu alilipima. Chakula cha mama wa mwani hakuna aliyekipima.

HESABU YA SHANTA

Mtu anaweza kuuliza, je, shanta likitengenezwa vizuri litaweka chakula moto mpaka adhuhuri? Tulidhani hivyo, na hapo ndipo tulipojifunza kwamba nia njema haitoshi.

Tuchukue chumba cha chakula chenye sentimita 20 kila upande, na ndani yake kilo 1 ya wali uliopakiwa ukiwa na digrii 80. Nje ni digrii 30. Kwa hesabu ya fizikia ya kawaida, kinga ikiwa ya nusu sentimita tu kama ya yale mashanta ya sherehe, wali utashuka chini ya digrii 60 katika muda wa nusu saa hivi. Kinga ikiwa ya sentimita 5, ya kitu kizuri na kikavu, muda huo utafika kiasi cha saa 2 na nusu. Ni tofauti kubwa, lakini bado si mpaka adhuhuri kwa mtu aliyepakia alfajiri.

Sasa tugeuze upande wa pili. Chakula kilichopozwa usiku na kupakiwa kikiwa baridi, pamoja na chupa ya nusu lita ya maji yaliyoganda, hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwanza, baina ya digrii 5 na digrii 30 mna hatua 25 tu, ilhali baina ya 80 na 30 mna 50. Kwa hiyo joto linaloingia ni dogo kuliko lile lililokuwa likitoka. Pili, barafu ina subira ya ajabu: kila kilo 1 hunyonya kiasi cha kilojuli 334 wakati wa kuyeyuka, na haipandi joto mpaka imalize. Kwa kuta za sentimita 5, nusu kilo ya barafu ikikaa kivulini inaweza kufikisha saa 9 kwa hesabu. Tukitoa kinachovuja mfunikoni na kila shanta linapofunguliwa, saa 6 zinapatikana. Kwa ile sponji nyembamba, barafu hiyohiyo haimalizi saa 2.

Kwa ufupi, moto unatosha kwa mwanafunzi, lakini haumtoshi mama wa mwani. Mwanafunzi anayeondoka nyumbani saa 12 na nusu na kula saa 4 anaweza kulindwa na shanta nene lenye chakula cha moto. Mama anayekula saa 6 au 7 anahitaji baridi, na barafu yake ikiyeyuka anapata maji ya kunywa. Mtu mmoja akisema shanta moja, kwa njia moja, litawafaa wote wawili, huyo anauza, hafundishi.

YALIYOTUSHINDA NA YALIYOTUFAA

Tulipopata hesabu hiyo, tulimwendea fundi cherehani mmoja na mzee mmoja aliyeshona magodoro maisha yake yote, tukawaomba watusaidie. Tunaeleza makosa yetu hapa ili atakayefuata asiyarudie.

Shanta la kwanza tulilijaza makumbi ya nazi, kwa kuwa yapo tele. Lilikuwa zito hata kabla ya kutiwa chakula, na lilipoloa maji ya bahari halikukauka kwa siku kadhaa, likaanza kunuka. Usumba uliopondwa na kusafishwa vyema ni kinga nzuri, nao unafaa kwa boksi linalokaa mahali pamoja, lakini mgongo wa mtu si mahali pake.

Shanta la pili tulilijaza sufi. Mzee wa magodoro alitukumbusha jambo ambalo tulilijua tangu utotoni bila ya kulifikiri: sufi haipendi maji. Kila uzi wake ni kama mrija mtupu uliojaa hewa, na juu yake una utando kama nta. Kwa ajili hiyo dunia nzima iliijaza katika maboya na fulana za kuokolea maisha baharini kabla ya sponji za kisasa kuchukua nafasi yake. Ni nyepesi, ni kavu, na miti yake imesimama mashambani mwetu ikimwaga pamba yake chini kila msimu. Lakini tulikosea ushonaji. Tuliitia sufi katika mfuko mmoja mkubwa, na baada ya wiki moja ya kutembea yote ilikuwa imekwenda chini, ukuta wa juu ukabaki nguo mbili tu.

Shanta la tatu mzee alilishona mwenyewe kama anavyoshona godoro: vijumba vyembamba vilivyopigwa mishono, kila kimoja na sufi yake, na mishono ya ukuta wa ndani haikukutana na mishono ya ukuta wa nje, kwa sababu pale sindano inapopita kinga huwa nyembamba na joto hupenya. Nje tulitumia turubai la rangi nyeupe, kwani rangi nyeusi hunyonya jua. Ndani tuliweka mfuko wa plastiki nzito unaotoka, ili uoshwe kwa sabuni na kuanikwa, kwa kuwa shanta lisiloosheka ni jumba la vijidudu. Zipu tukaiacha, badala yake tukatia mfuniko mnene unaoingia ndani kama kizibo na kufungwa kwa kamba na vishikizo vya mti. Na sufi hushika moto upesi, basi shanta hili lisiwekwe kamwe karibu na jiko.

Palikuwa na mabishano juu ya mahali pa chumba. Fundi alitaka kiwe chini na mlango wake ubavuni, kama yale ya ng'ambo, ili mtu atoe chakula bila ya kugusa vitabu. Lakini hewa ya baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa ubavuni inamwagika nje kama maji. Mwisho tukaafikiana mashanta mawili: la mwanafunzi, ambalo hubeba chakula cha moto, mlango ubavuni na vitabu vimetengwa kabisa juu, na la kazi, linalofunguliwa kwa juu, bila ya vitabu. Katika yote mawili chakula kimeegemezwa karibu na mgongo, mikanda ni mipana na ni miwili. Wataalamu wengi hushauri mzigo wa mtoto usizidi kiasi cha sehemu 1 katika 10 za uzito wake. Mtoto wa kilo 30 asibebeshwe zaidi ya kilo 3 au karibu ya hapo, chakula na vitabu vikiwa pamoja. Mwalimu anayedai madaftari yote kila siku naye alizingatie hilo.

NENO LA MAMA WA MWANI

Tulirudi kijijini na shanta la kazi, tukamkabidhi yule bibi. Alilitumia bamvua zima. Tuliporejea tulitarajia shukrani, tukapata tahariri.

Alisema shanta ni zuri kwa kuwa kichwa chake kinabaki huru kubeba gunia la mwani. Alisema likianguka majini linaelea, nalo ni jambo jema. Alisema chakula chake hakikuchacha siku zile alizokuwa na barafu. Kisha akatuuliza, "Na siku ambazo sina barafu, baba?" Nyumba yake haina friji. Duka lenye friji liko mwisho wa kijiji, huuza barafu za vipakiti, na alfajiri huwa limefungwa. Siku 3 katika 7 alikwenda na shanta letu la sufi likiwa na wali vuguvugu ndani yake. Na shanta nene, likitiwa chakula vuguvugu, hukihifadhi kile kivuguvugu vilevile. Yaani siku hizo kazi yetu ilikuwa ikilea vijidudu.

Tulinyamaza. Sisi tuliolelewa katika matawi na kamati tumezoea kuona kazi imekwisha pale kifaa kinapokabidhiwa. Mama huyu alitufahamisha kwamba kifaa ni nusu ya jambo, na nusu ya pili ni mlango wa duka saa 11 za alfajiri.

Kikundi chake kimekwisha kupata njia yake. Wamekubaliana na mwenye duka agandishe chupa zao usiku kwa malipo ya mwezi, na mtoto wake azitoe alfajiri. Wali wa usiku wanautandaza katika sinia upoe upesi, kisha kabla ya saa 2 kupita wanaupeleka katika friji hiyohiyo ndani ya vyombo vilivyofunikwa, kila kimoja na alama yake. Na siku umeme ukikatika, hawabebi wali. Hubeba mkate mkavu, tende, ndizi na machungwa yasiyomenywa, vitu ambavyo havihitaji shanta la mtu yeyote. Hakuna semina iliyowafundisha hayo ya mwisho.

LINALOPASA KUFANYWA

Kwa wakuu wa ofisi zinazonunua vifaa kwa niaba ya umma, tunayo machache ya kuwaomba, na tunayaomba kwa heshima.

Kwanza, lisinunuliwe shanta, boksi wala chombo chochote cha kuhifadhi chakula bila ya kupimwa. Kipimo si cha gharama. Tia maji yanayochemka katika chombo, kiweke ndani, funga, kaa nalo kivulini saa 3, kisha fungua na utie kipimajoto. Fanya vivyo hivyo na chupa ya barafu kwa saa 6. Atakayeuza akubali kipimo hicho kiandikwe katika mkataba. Asiyekubali, tumjue mapema.

Pili, kabla ya kugawa, aulizwe atakayetumia: unaondoka saa ngapi, unakula saa ngapi, barafu utaipata wapi? Maswali haya matatu yangetuokolea mashanta yote yale ya sherehe.

Tatu, vituo vyetu vya mafunzo ya amali vina mafundi wa cherehani wanaohitimu bila ya kazi. Shanta hili hawalishindwi. Hatusemi litakuwa rahisi kuliko la ng'ambo siku ya kununuliwa. Kwa hakika lile tulilolishona lilitugharimu zaidi, kwa kuwa mishono yake ni mingi. Tunachosema ni kwamba linatengenezeka likichanika, kinga yake inaota juu ya mti, na likichakaa haliachi ufukweni kwetu sponji isiyooza. Zanzibar iliyoikataa mifuko ya plastiki tangu 2006 haina sababu ya kuipokea plastiki ileile ikiwa imeshonewa mikanda.

Nne, misufi inakatwa bila ya kupandwa mingine kwa kuwa vijana hawaoni faida yake. Palipo na soko la sufi, mti utapata mtetezi.

Tano, na hili ni kwa wazazi na walimu: chakula cha moto kipakiwe kikiwa moto kweli, katika chombo kilichosuuzwa kwa maji ya moto na kujazwa mpaka juu. Cha baridi kipakiwe kikiwa baridi kweli. Visichanganywe katika chumba kimoja. Na kilicholala vuguvugu kisirudishwe kwa mtoto kwa jina la kuepuka israfu. Kumwaga chakula kunauma, lakini uchungu huo ni mdogo kuliko wa kumpeleka mtoto hospitali.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tulisimama wima jukwaani tukagawa mashanta, na hatukuinama kutazama ndani yake mna nini. Hati ile yenye saini yetu bado imo katika jalada. Tumeomba iambatishwe karatasi nyingine inayoeleza yaliyotokea, ili kamati itakayokuja baada yetu, itakapofungua jalada hilo kutafuta mfano wa kufuata, isiukute ule wa kwanza peke yake.